Maziko Yaliyosogezwa Mbele

Kikao cha menejimenti cha ofisi ya Silwimba na Wenzake, Mawakili, kilifanyika Jumatatu asubuhi pale Tunduma, na menejimenti yote ilikuwa watu wawili: Wakili Jofrey Silwimba na mke wake Restuta. Hao wenzake wa kwenye kibao hawajawahi kuwepo. Kibao kilikuwa kirefu na jina lilikuwa fupi, basi wakaongezwa.

"Soko limebadilika," alisema Jofrey, akisimama kabisa kana kwamba ukumbi umejaa. "Lazima na sisi tubadilike."

Restuta, ambaye ndiye meneja, ndiye mhasibu na ndiye aliyefagia ofisi asubuhi ile, alimwambia akae, anamzibia mwanga.

Kuhusu soko hakudanganya. Siku hizi mtu wa Tunduma akinunua kiwanja, mkataba anaandikiwa steshenari, hatua chache kutoka kwa muuza vitumbua. Mwenye simu nzuri anaiuliza simu yake, nayo inamwandikia madai yote mpaka salamu za mwisho. Mawakili vijana wamejaa mjini na ofisi zao ziko kwenye begi la mgongoni. Mkulima wa Mbozi aliyekuwa akija na mgogoro wa mpaka na kukaa nusu siku anaeleza habari za babu yake, sasa anapita dirishani na mfuko wa mbolea begani wala hageuki.

Mwenye akili angefikiri afanye kazi vizuri zaidi. Jofrey alikwenda semina Dar es Salaam. Huko aliambiwa kwamba ofisi ya kisasa humfuata mteja alipo, naye akaandika maneno hayo na kuyapigia mstari. Alivyomfuata mteja ni hivi: alichonga mihuri miwili ya ziada, mmoja akaupeleka steshenari ya Mlowo, mwingine akamwachia kijana anayeitwa Manase, mwenye steshenari pale Vwawa. Mtu akitaka hati ya kiapo, Manase anachapa, anagonga muhuri, anaiga saini ya wakili, na Ijumaa anatuma mgao kwa simu. Karatasi inasema mwapaji ameapa mbele ya wakili. Mbele ya wakili, eti. Wakili mwenyewe wakati huo yuko Tunduma anakunywa supu.

Mtasema wako wengine wanaofanya hivyo. Wako. Hata wezi wa kuku wako wengi, na hakuna anayewaita wasomi.

Kikao kilikuwa kimefika kwenye mikakati pale Ketrina alipoingia. Ketrina ni mdogo wake Jofrey, tumbo moja. Ameolewa Vwawa, ana watoto watatu na nyumba kando ya barabara kuu, yenye kiwanja kipana nyuma alikopanda migomba na kahawa kidogo. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Wifi, karibu," alisema Restuta bila kuinuka. "Kaa hapo kwenye benchi kwanza. Tuko kikaoni."

"Wifi, nyumba yangu imeuzwa."

"Pole. Lakini hata ndugu wanafuata utaratibu."

Ketrina akakaa kwenye benchi. Alikaa pale mpaka mikakati ikaisha, kiroba chake mapajani, akiangalia kibao cha bei za huduma, ambacho kwa bahati mbaya kilikuwa kimeelekea upande wake. Ndipo akaitwa.

Alieleza. Mume wake, Brayson, ameuza nyumba na kiwanja chake chote kwa mama mmoja mwenye malori, kisha amekimbilia Galula kwenye machimbo ya dhahabu kuitia hela yote kwenye shimo. Jana wamekuja watu kupima uwanja wa maegesho. Wakamwonyesha karatasi kwamba yeye, mke, ameridhia.

"Sikusaini, kaka. Picha ni ile niliyopiga ya chama cha kahawa, alikuwa nayo. Lakini saini si yangu."

Jofrey aliichukua ile nakala kwa uso wa kikazi kabisa. Aliusoma ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili, akaona muhuri. Silwimba, wakili na kamishna wa viapo. Ameapa mbele yangu hapa Vwawa. Masikio yalimwaka moto.

"Angalia na tarehe," alisema Ketrina. "Siku hiyo tulikuwa tunamzika baba. Wewe ulishika msalaba, mimi nilikuwa kwenye mkeka na mama. Hakuna aliyekwenda Vwawa kusaini kitu. Kaka, wewe ndiye unayejua kuliko mtu yeyote. Uje tu useme barazani."

Mwanamke huyu alikuwa amesafiri kutoka Vwawa akiwa na furaha kidogo moyoni, mnaelewa? Alifikiri mumewe, katika upumbavu wake, amechagua muhuri wa mtu asiyeweza kumkana.

"Umemwonyesha nani karatasi hii?" aliuliza Jofrey.

Hilo ndilo swali lake la kwanza. Hakuuliza watoto watalala wapi.

Alhamisi alikuja mwenye malori mwenyewe, Fortunata Sichone, mwanamke mnene mpole aliyekuwa akiongea na simu mbili, moja kwa Kibemba na nyingine kwa Kiswahili. Alizizima zote alipoketi. Jofrey alikuwa amemtamani mteja huyu kwa muda mrefu. Kila alipopishana naye alimwinamia kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

"Wakili, mimi na dada yako hatuna ugomvi," alisema. "Nilimwambia yule mume, sinunui nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke iliyopita kwa wakili. Akaniletea. Nikaona muhuri wako, nikalipa. Sasa dada yako amefungua shauri kwenye baraza la ardhi."

"Mambo ya kifamilia hayo, bosi. Nitazungumza naye."

"Usizungumze naye. Zungumza na mimi. Huu muhuri ni wako au si wako?"

Jofrey alikohoa.

"Kama si halali, niambie hapa hapa, natoka naenda polisi, tujue nani ameniibia. Kama ni halali, uje barazani useme ulimwona dada yako akisaini. Na ukishasema, kesi za malori yangu zote, huku na ng'ambo ya mpaka, Nakonde, nakuletea wewe. Nataka wakili anayesimama na muhuri wake."

"Ni halali," alisema Jofrey.

Alisema haraka hivyo. Nimewahi kuona watu wakichukua muda mrefu zaidi kuchagua nyanya.

Mchana ule hakula. Restuta alimwekea wali na maharage, akamtazama anavyochezea kijiko, akajua ni kazi ya meneja.

"Ukikiri kwamba muhuri ulikuwa kwa Manase," alisema, "jina linafutwa kwenye orodha ya mawakili. Tunarudi kulima."

"Najua."

"Na polisi pia."

"Najua, Restuta. Lakini tarehe. Tarehe ndiyo inaniua. Ukoo mzima ulikuwa kwenye maziko."

Restuta alitafuna kwanza. Alikuwa mwanamke mwenye kichwa chepesi, na laiti angesoma sheria yeye, pengine tungekuwa na wakili mbaya zaidi.

"Cheti cha kifo cha baba umeshakifuatilia?"

"Bado. Si unajua nimebanwa."

Miezi yote hii alikuwa amebanwa. Wakili wa ukoo, anayewaambia wakulima kila siku wafuatilie vyeti, cha baba yake hajakigusa.

"Basi hakuna karatasi inayosema mzee alizikwa lini," alisema Restuta. "Yapo maneno ya watu tu. Na watu wenyewe ni wa kwenu."

Jofrey akaweka kijiko chini. Kisha akakichukua tena, akala.

Ukoo ulikutana Jumamosi kijijini, karibu na Mbozi Mission, kwenye uwanja wa nyumba ya marehemu. Aliyeketi mbele ni Abrahamu, baba yao mdogo, mzee wa kanisa, ndiye mwenyewe aliyeongoza ibada ya maziko na kusoma wasifu wa kaka yake mpaka akalia. Mama mzazi, Enesi, alikuwa amekaa pembeni anachambua maharage. Ketrina hakualikwa, lakini alikuja.

Jofrey alieleza kwa ufasaha. Hakusema uongo wowote mahali asipohitaji kuusema. Alisema kuna hitilafu ndogo ya kiofisi. Alisema adui za ukoo wanataka kuitumia. Alisema akifutwa uwakili, basi.

"Basi vipi?" aliuliza Abrahamu.

"Basi ile kesi yako ya mpaka, baba mdogo, utasimama mwenyewe."

Abrahamu akashika kidevu. Wengine nao wakashika kila mtu kesi yake. Mmoja alikuwa na kijana mahabusu kwa ajili ya bodaboda. Mwingine ana shamba la mirathi. Kahawa ya ukoo ule ilimsomesha Jofrey. Kulikuwa na wazee pale waliouza debe kwa debe ili yeye avae lile joho jeusi, na tangu siku hiyo hawajalipa wakili. Sasa walitakiwa kuchagua kati ya joho na nyumba ya binti.

"Wakili tunaye mmoja," alisema mmoja wao taratibu. "Nyumba zinajengwa."

"Zinajengwa na nani?" aliuliza Ketrina.

Abrahamu alisema wasikimbilie hasira, kwamba Ketrina ni mtoto wao na hatalala njaa, chumba cha nyuma kwa mama yake kipo. Kisha akafikia pale alipokuwa anakwenda tangu mwanzo.

"Kwa kweli mimi tarehe ya maziko siikumbuki vizuri. Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa, hilo nakumbuka. Inaweza kuwa wiki ile, inaweza kuwa wiki iliyofuata."

"Nafikiri ni iliyofuata," alisema mwenye kijana mahabusu.

"Iliyofuata," wakaitikia, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikawa kweli. Watu wazima, wengine na mvi, wamekaa kwenye viti vya plastiki, wakamfukua ndugu yao kwa maneno na kumzika upya wiki moja mbele ili wasije wakalipia kesi zao.

"Baba mdogo," alisema Ketrina, "ulisoma zaburi siku ile. Mimi nilikuwa nimeshika miguu ya mama."

"Nilisoma. Sijasema sikusoma."

Ketrina akamgeukia mama yake. "Mama, na wewe?"

Enesi aliendelea kuchambua. Dawa zake za presha hununuliwa na Jofrey. Bati la nyumba ile ni la Jofrey. Alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa.

"Msinitie mimi kwenye mambo ya barazani," alisema. "Nyote mmetoka tumboni mwangu."

Maneno mazuri kwa kusikia. Lakini mtoto mmoja alikuwa anaomba nyumba na mwingine anaomba ukimya, na ukimya ndio aliotoa.

Ketrina alizunguka kwa majirani. Walimpa chai, wakamwambia mambo ya ukoo hawaingilii. Alizunguka kwa mawakili, Vwawa na Tunduma. Walimsikiliza vizuri mpaka alipotaja jina la Silwimba, ndipo wakakumbuka wana safari. Wawili kati yao, nawajua, mihuri yao nayo ilikuwa steshenari.

Ulibaki msalaba. Kaburi la mzee liko shambani nyuma ya nyumba, na juu yake msalaba wa mbao wenye jina na tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kuzikwa, kwa rangi nyeusi. Jofrey hakutaka kumtuma mtu. Hata mjinga ana kazi ambazo hufanya mwenyewe. Alikwenda mchana, ameegesha gari mbali, ana kopo dogo la rangi nyeupe, jingine la nyeusi, na brashi. Alipiga magoti na suruali ya suti, akaweka gazeti chini ya goti kwanza. Akafuta siku aliyozikwa baba yake, akapuliza ikauka, akaandika nyingine. Tarakimu moja ikainama.

Aliposimama akamwona mama yake kwenye mistari ya kahawa, ndoo mkononi.

"Shikamoo mama. Maandishi yalikuwa yamefifia."

"Marahaba," alisema Enesi. Aliusoma msalaba muda mrefu, maana kusoma kwake ni kwa kuunganisha herufi. "Miezi michache tu na yamefifia?"

"Mvua, mama."

Akampa hela ya sukari, naye akaipokea.

Siku ya shauri ukoo ulijaa kwenye mabenchi ya baraza pale Vwawa kama wamekuja harusini. Nauli alilipa Jofrey. Alikuwa amewaambia watakaa tu, hawataitwa, lakini wawepo. Inapendeza shahidi akiwa na watu wake. Fortunata alikuwa mbele na wakili wake kijana kutoka Mbeya. Upande wa pili wa meza alikaa Ketrina peke yake, na ile nakala imekunjwa mara nne.

Jofrey aliapa kwa Biblia. Alitoa ushahidi kwa sauti nzuri. Sauti hajawahi kukosa. Alisema mdai alifika mbele yake Vwawa kwa hiari yake, akaelezwa maana ya hati, akaielewa, akasaini. Ndiyo, muhuri ni wake. Ndiyo, saini ni yake. Wakili kijana akakaa, ameridhika. Mwenyekiti akamwambia Ketrina kwamba anaweza kumuuliza shahidi maswali.

Ketrina alisimama. Wengi walitegemea atalia, na Abrahamu alikuwa ameshainamisha kichwa tayari kwa aibu ya kilio hicho. Hakulia.

"Kaka, unasema nilisaini mbele yako tarehe hiyo."

"Ndiyo."

"Siku hiyo baba yetu alikuwa wapi?"

Wakili kijana aliruka kusema swali halihusiani. Mwenyekiti akamtazama Ketrina, akamtazama shahidi, akasema linahusiana, shahidi ajibu.

Kwenye mabenchi walikuwa watu zaidi ya ishirini, na kila mmoja alikuwa amerusha udongo wake siku hiyo.

"Siku hiyo baba alikuwa hai," alisema Jofrey. "Alikuwa nyumbani, anaumwa. Alifariki wiki iliyofuata. Cheti ninacho."

Akakitoa. Kilikuwa kipya, amekichukua majuzi kwa maelezo aliyoyatoa yeye na barua ambayo Abrahamu aliisaini kama shahidi wa maziko. Mwenyekiti alikisoma pande zote mbili. Akamuuliza Ketrina kama ana cheti kingine. Hana. Kama ana shahidi wa maziko. Ketrina aligeuka, akawatazama wa kwenye mabenchi mmoja mmoja, bila haraka, shangazi, binamu, baba mdogo, na alipofika kwa mama yake akasimama hapo. Enesi aliangalia viatu vyake.

"Sina shahidi, mheshimiwa," alisema Ketrina, akakaa.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki chache, na baraza liliamua kwa kilichowekwa mezani. Lakini watu wote waliujua tangu siku ile. Nje, chini ya ukuta, Fortunata alimshika Jofrey mkono kwa heshima kubwa, akasema ofisi ijiandae, mafaili ya malori yanakuja. Wanaukoo walimpongeza kwa sauti ndogo. Mwenye kijana mahabusu alimkumbusha kuhusu kijana mahabusu. Ketrina alikuwa ameshavuka barabara, anatembea upande wa sokoni, na hakuna aliyemwita.

Walirudi na gari la Jofrey. Restuta alikaa mbele, Abrahamu na Enesi nyuma. Mpaka wanaiacha Vwawa, Restuta alikuwa anapanga: itabidi wapate ofisi kubwa, waajiri karani, ile mihuri ya steshenari ikusanywe leo hii maana sasa hawaihitaji. Jofrey aliendesha akiwa na dirisha wazi. Alijisikia mtu aliyeponea chupuchupu, na mtu wa namna hiyo hupenda kila mtu. Alimwangalia mama yake kwenye kioo.

"Mama, umechoka? Tununue ndizi hapo mbele?"

Enesi alikuwa ameunganisha mikono mapajani, na midomo yake ilikuwa inatembea kidogo, kama anavyofanya akisoma.

"Jofrey," alisema.

"Naam, mama."

"Umesema siku ile baba yako alikuwa hai."

"Mama, ni mambo ya kisheria tu yale."

"Umeapa. Na huyu baba yako mdogo ameandika barua." Hakuinua sauti. "Na mimi nilikuwepo siku ile. Nilimwosha, nikamvika koti. Mkamfukia, mkaweka na mawe juu, nimekaa naangalia."

Abrahamu aligeukia dirishani. Restuta akanyoosha mkono kuiwasha redio, lakini mkono ukaishia njiani.

"Sasa niambie, wewe uliyesoma," alisema Enesi. "Kumbe mume wangu tulimzika mzima?"